Nguo za Msafiri Aishiye Garini



Mtu akitajiwa kufua, mawazo yake huenda uani: penye beseni, kamba iliyofungwa baina ya miti miwili, na jua la saa nne. Lakini wako ndugu zetu wasio na uani, wala kamba, wala jua la kutegemea. Hao ni wale ambao gari ndiyo nyumba yao. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya wake na watoto wanaowangojea majumbani.

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Morogoro na Iringa hata ikafika Uyole, jirani na mji wa Mbeya. Hapo hugawanyika. Mkono mmoja huenda Tunduma, kwenye mpaka wa Zambia. Mkono wa pili huelekea kusini, ukapanda katika wilaya ya Rungwe mpaka mji wa Tukuyu, ambao zama za Wadachi uliitwa Neu-Langenburg, kisha ukateremka Kyela na Kasumulu, penye mpaka wa Malawi. Malawi haina bahari. Basi sehemu ya mafuta na bidhaa zake hupitishwa njia hii, juu ya malori yenye tela, na kila lori lina dereva wake na utingo wake. Hulala nyuma ya kiti, hupika kando ya gurudumu, na nguo zao zimo katika mfuko chini ya kitanda. Pengine foleni ya mpakani huwazuia siku nyingi, na safari ya juma moja ikawa ya mwezi.

Katika Ulaya na Marekani wako watu wanaoishi hivi kwa hiari yao, katika magari yaliyojengwa mfano wa nyumba, yenye kitanda, jiko na tangi la maji. Baadhi yao huja huku kwetu, wakapita Kasumulu na Tukuyu katika safari zao za kutoka Afrika ya Kusini kwenda kaskazini. Hali zao na za madereva wetu ni mbalimbali sana, lakini swali lao ni moja: nguo zifuliwe kwa maji gani, na zikaukie wapi?

Kwa Muislamu swali hili lina uzito zaidi. Utamsikia kijana wa safarini akisema, "Nguo zangu zimejaa mafuta, sina tahara. Nikifika nyumbani nitasali." Siku moja huwa tatu, tatu huwa mwezi, na mwisho huyo kijana hufika nyumbani na asisali, kwani mazoea yamekwisha kuvunjika. Ameiacha nguzo ya dini yake kwa sababu ya doa la grisi. Na je, lile doa lilikuwa ni kizuizi kweli?

TAHARA NA USAFI

Yapasa tufahamu kwanza ya kuwa tahara ni jambo moja, na usafi wa macho ni jambo la pili. Yote mawili yametakiwa na sheria, lakini hukumu zake si sawa.

Dizeli si najisi. Grisi si najisi. Vumbi la barabarani si najisi, wala jasho, wala masizi, wala utomvu wa ndizi unaowaganda wapakizi wa Rungwe mikononi na vifuani, ukawa mweusi usitoke. Vyote hivi ni uchafu, lakini ni uchafu ulio tahiri. Aliyepatwa navyo nguo yake yafaa kusalia. Na tope la njiani, hata likidhaniwa kuwa limechanganyika na najisi, wanavyuoni wamelisamehe lile dogo ambalo ni tabu kuepukana nalo. Nani apitaye Tukuyu mwezi wa Aprili asipate tope?

Najisi ni vitu maalumu: mkojo, kinyesi, damu, matapishi na mfano wa hayo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi katika nchi zetu za pwani, kinyesi cha ng'ombe nacho kimo humo. Dereva aliyechukua ng'ombe au nyama ana jambo la kuosha. Aliyechukua mafuta, chai au parachichi, hana ila uchafu wa kawaida.

Basi yule kijana wa grisi hakuwa na udhuru. Lakini asije mwingine akasema, "Maadamu nguo yangu ni tahiri, sina haja ya kuifua." Hilo ni kosa la upande wa pili. Sura ya Muddathir ni katika zilizotangulia kushuka, na imo humo amri ya kutoharisha nguo. Na imepokewa kwa Jabir ya kuwa Mtume (S.A.W.) alimwona mtu aliyevaa nguo zenye uchafu, akauliza kama mtu huyo hakupata kitu cha kufulia nguo yake. Aingiaye msikitini hali ananuka dizeli na jasho la siku tano huwaudhi waliomo safuni, na kuwaudhi watu ni jambo ambalo Mtume (S.A.W.) alilikataza hata kwa harufu ya kitunguu saumu.

Dawa yake ni nyepesi. Msafiri na awe na kanzu moja, au kikoi na shati, iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa barabara, isiyovaliwa ila kwa sala. Hiyo haiingii chini ya gari wala haigusi mafuta. Wakati wa sala ukiingia, hata akiwa mlimani, huitoa, akavaa, akasali, akairudisha. Kwa kanzu moja ule udhuru wote umeondoka.

KUFUA KWA DUMU MOJA

Aishiye garini hana maji ya kumwaga. Tuchukulie ana dumu moja la lita 20 la kufulia. Maji haya yatosha nguo za siku mbili za mtu mmoja, akiyagawa kwa akili: lita 8 za kufulia, lita 6 za kusuuza mara ya kwanza, na lita 6 za mara ya pili. Asingoje nguo zijae gunia. Kidogo kila siku mbili ni kazi ya nusu saa. Gunia zima la mwezi ni kazi ya siku nzima na maji ya pipa.

Lakini hapa pana jambo la kisheria ambalo wengi hulipitia. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, maji yasiyofika kiasi cha kulla mbili, nayo hukadiriwa kuwa yapata lita 200 na zaidi kidogo, hunajisika kwa kuingiliwa na najisi, hata yasipobadilika rangi wala harufu. Beseni letu la lita 8 ni maji machache mno. Ukitia ndani yake nguo moja yenye damu pamoja na nguo tano zilizo tahiri, hukuitoharisha ile moja; umezinajisi zile tano.

Basi fanya hivi. Nguo yenye najisi itenge. Ondoa kwanza kile kitu chenyewe kwa kukikwangua au kukisugua. Kisha usiitie nguo katika maji, bali yamimine maji juu ya nguo, yapite juu ya lile pahala na kumwagika chini, mpaka kisibaki kitu wala harufu. Kikombe kimoja au viwili mara nyingi hutosha. Rangi ikibaki baada ya kusuguliwa kwa bidii, kama ibakiavyo rangi ya damu, imesamehewa. Baada ya hapo nguo imekuwa tahiri, na yaweza kuingia beseni pamoja na wenzake ipate sabuni. Tahara kwanza, sabuni baadaye: hii ndiyo kanuni ya anayefua kwa maji machache. Najisi ya mbwa ina hukumu yake peke yake: huoshwa mara saba, na mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo.

Ama madoa ya mafuta, hayo yasitiwe maji mwanzo, kwani maji na mafuta havipatani. Pakaa sabuni ya kipande juu ya doa kavu, sugua, uache robo saa, ndipo utie maji, na yakiwa ya moto ni bora zaidi. Maji ya mvua, ambayo Rungwe yamejaa tele, ni maji laini, na povu lake huja upesi kwa sabuni kidogo. Maji ya chumvi ya visima vya pwani hula sabuni bila ya kutoa povu. Maji ya bahari ni tahiri na hutoharisha, lakini nguo iliyosuuzwa kwayo hubaki na chumvi inayovuta unyevu, ikawa haikauki vizuri. Kwa hiyo mwenye dumu mbili tupu akipita Rungwe na azijaze.

NDOO INAYOFUA YENYEWE

Mwaka 1960 mwandishi wa Kimarekani, John Steinbeck, alifanya safari ya kuizunguka nchi yake katika gari la mizigo lililojengewa kijumba nyuma yake. Safari hiyo aliitungia kitabu, *Travels with Charley*, kilichotoka mwaka 1962. Humo ameeleza hila moja ya kufua. Alichukua pipa dogo la plastiki lenye mfuniko, akalining'iniza kwa kamba ya mpira ndani ya kabati la gari lake. Asubuhi hutia humo nguo chafu, maji ya moto na sabuni ya unga, akaliacha litikiswe na mwendo wa gari siku nzima. Akifika mwisho wa safari ya siku, uchafu umekwisha kutoka, kazi iliyobaki ni kusuuza mtoni.

Hila hii haihitaji Marekani. Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, iliyooshwa vizuri, yafaa kabisa. Itie nguo chache, maji hadi nusu, na sabuni kidogo, kwani ikizidi kusuuza huwa balaa. Ifunge kwa mpira wa tairi la ndani mahali isipopinduka, wala isiwe karibu na miguu ya dereva. Barabara ya kutoka Uyole kupanda Rungwe na kuteremka Kyela, kwa kona zake na mabonde yake, itafanya kazi ambayo mikono ingeifanya kwa saa nzima.

Ila Muislamu akumbuke mambo mawili. Nguo yenye najisi isitiwe humo kabla ya kumiminiwa maji kama tulivyoeleza, kwani maji ya ndoo ni machache. Na Steinbeck alisafiri na mbwa wake, ambaye ndiye Charley wa kitabu. Sisi hatuna haja ya kumwiga katika hilo ndani ya kijumba kimoja na nguo za kusalia.

MVUA YA RUNGWE

Kufua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukausha, na hapa Rungwe humjaribu kila mgeni. Tukuyu uko juu kiasi cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na nyuma yake Mlima Rungwe wafikia karibu mita 2,960. Upepo wenye unyevu upandao kutoka upande wa Ziwa Nyasa hugota katika milima hiyo, ukapoa, ukamwaga maji yake. Ndiyo maana nchi hii ni katika zile zenye mvua nyingi kabisa Tanzania, na ndiyo maana migomba na mashamba ya chai hustawi vile. Mvua huanza mwisho wa mwaka na kuendelea hata mwezi wa Mei. Na miezi ya Juni na Julai, mvua inapopungua, ukungu na baridi huchukua zamu. Shati la pamba lililoanikwa asubuhi huanuliwa jioni likiwa bichi, na kesho linanuka uvundo.

Mwenye nyumba hana la kufanya ila kungoja. Lakini mwenye gari ana fadhila moja aliyokosa mwenye nyumba: yeye aweza kulifuata jua. Kutoka Tukuyu kuteremka Kyela ni mwendo mfupi, na huko ardhi imeshuka hata kukaribia usawa wa ziwa, joto ni kali. Na aendaye Dar es Salaam, akishapita Uyole hushuka katika nchi tambarare ya Usangu, ambayo ni kavu kuliko Rungwe kwa mbali. Kanuni ya msafiri ni hii: fua palipo na maji, anika palipo na jua. Chukua maji Rungwe, suuza Rungwe, kisha nguo zilizokamuliwa zitie katika kapu lenye matundu, usizifungie katika nailoni zikavunda, na uzitandaze chini kwenye joto.

Ikiwa hapana budi kukausha huko huko juu, ikunje nguo mbichi pamoja na taulo kavu, uikanyage au uibane kwa magoti. Taulo litanyonya maji mengi ambayo mikono haikuweza kuyakamua. Chagua nguo nyepesi: shuka, kikoi, shati la kitambaa chembamba. Suruali nzito ya jinzi si nguo ya nchi ya mvua.

HATARI ZA KUTAHADHARI

Baridi ya Rungwe huwatia watu katika hatari moja iliyo kubwa kuliko zote. Mtu hulowa, nguo zake zimelowa, usiku umeingia. Huingiza jiko la mkaa ndani ya gari, akafunga vioo, akatundika nguo juu yake na kulala. Ndugu, hilo ni kaburi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamshwi nayo, bali humzidishia usingizi mpaka akafa, na mkaa ulioiva vizuri usio na moshi haupunguzi hatari hiyo. Jiko la mkaa lisiingie garini hata kwa dakika tano, na gari lisiachwe likinguruma usiku kucha mahali palipofungwa ili kupata joto. Nguo mbichi zina dawa, aliyekufa hana.

Usiondoe grisi kwa petroli. Mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo, na nguo iliyolowa petroli ni kibiriti mwilini. Usitundike nguo juu ya bomba la moshi, wala katika vioo vya kutazamia nyuma, ukampofusha dereva kwa ajili ya shati. Wala usiitandaze nguo mbichi chini kivulini penye mchanga au nyasi. Yuko nzi atagaye mayai yake katika nguo za namna hiyo, na funza wake huingia katika ngozi ya mwenye kuivaa. Pasi ya moto huyaua mayai hayo, lakini garini mara nyingi hapana pasi. Basi anika juu ya kamba, penye jua.

HAKI ZA WENYEJI

Msafiri hupita, mwenyeji hubaki. Mto Kiwira, ambao wageni huenda kuutazama katika Daraja la Mungu, daraja lililofanyizwa na mawe ya volkano bila ya mkono wa mtu, huteremka mpaka Ziwa Nyasa. Maji utakayoyachafua wewe juu, ndiyo atakayoyachota mama mmoja chini. Mtume (S.A.W.) ameonya vikali juu ya kwenda haja katika mahali pa kuchotea maji, njiani na kivulini pa watu. Basi nguo yenye grisi isisuguliwe mtoni. Chota maji, fua mbali na ukingo, na umwage povu lako katika udongo, mbali na kijito na kisima.

Na ikiwa huna nafasi ya kufua, wako katika miji yote ya njiani wanawake na vijana wafuao kwa ujira. Patana naye kabla ya kazi, mwambie wazi kama nguo ina najisi ili naye aitenge, na mlipe papo hapo. Mafundisho ya dini yetu ni kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla ya jasho lake kukauka. Lori likiondoka alfajiri na deni la dobi halijalipwa, nguo ni safi lakini dhima ni chafu.

NYUMBANI

Mwisho, neno kwa nyumba zetu. Iko desturi ya mume kurudi safari na gunia la nguo za mwezi, akalibwaga mlangoni mbele ya mkewe, kana kwamba ndiyo zawadi ya safari. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa juu ya mwenendo wa Mtume (S.A.W.) nyumbani, alieleza ya kuwa alikuwa akiisafisha nguo yake mwenyewe, akimkama mbuzi wake, na akijihudumia nafsi yake. Ikiwa mbora wa viumbe hakuona aibu, dereva wa lori ataona aibu ya nini?

Nanyi wazazi, mwana wenu wa kiume afundishwe kufua kabla hajafundishwa kuendesha gari. Ajue kutenga najisi, kumimina maji na kukamua. Siku atakayokuwa utingo katika njia ya Kasumulu, hapana mama pembeni yake wala dada. Atakuwa na ndoo, dumu, na mfuko wenye kanzu moja safi. Akivijua kuvitumia, mvua ya Rungwe haitampokonya sala yake, na atarudi kwenu kama alivyoondoka.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na baharini, na awarejeshe kwa watu wao hali ya salama. Amin.